Tabo yangu ilikuwa kubwa mno

Nilipoanza kuiongezea nguvu injini yangu ya lita 2, nilifunga tabo (kifaa kinachoendeshwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) kubwa kuliko zote nilizoweza kuzipata, na matokeo yake gari likawa zito hadi injini ilipofika mizunguko 4,500 kwa dakika, ndipo nguvu zote zikaja kwa mkupuo. Siku hizi ninaanza na hesabu ya hewa: injini ya petroli inayolengwa kutoa nguvu za farasi 400 huhitaji takriban kilo 18 za hewa kwa dakika. Kiasi hicho, pamoja na uwiano wa shinikizo (shinikizo la hewa inayotoka kwenye tabo ukiligawanya kwa la hewa inayoingia), ambao kwa baa 1 ya ziada kwenye usawa wa bahari ni karibu 2, ninakitafuta kwenye chati ya kompresa, yaani mchoro wa uwezo wa sehemu ya tabo inayobana hewa. Kikiangukia nje ya ukingo wa kushoto, hewa hurudi nyuma na kuitikisa kompresa; kikienda kulia kabisa, tabo huzunguka kupita kiasi na kuipasha hewa joto bila faida. Upande wa ekzosi, kasha dogo la tabini, yaani gurudumu linalozungushwa na moshi, huamka mapema, ingawa huibana injini katika mizunguko ya juu. Kwa gari la barabarani ninachagua dogo bila kusita, hata wapenda namba kubwa wakinicheka.