Gunia Lililolipiwa Nauli

Kutoka Mpwapwa kurudi Dodoma, konda alilitoza gunia langu nauli ya mtu mzima, halafu akataka kulivisha nailoni na kulipandisha kwenye keria. Nauli nililipa huku nikinung'unika. Nailoni nilikataa katakata. Mizizi mibichi ikifungiwa nailoni hutoka jasho, na kwa jua lile ingeanza kuvunda kabla hatujafika Mbande. Ukungu ukishaingia, hata ukikausha baadaye sumu yake haitoki.

Ilikuwa mizizi ya mlungulungu, mti wa dawa wenye miiba. Mzee aliyetuchimbia milimani aliniacha mdomo wazi.

"Babu, si ukate huu mnene hapa katikati?"

"Hiyo ndiyo roho yake, mjukuu wangu. Ukiikata, mwakani utamchimba nani?"

Alianzia hatua mbili kutoka kwenye shina, akapiga mtaimbo, maana kiangazi udongo wa Ugogo ni zege. Akafuata mizizi ya pembeni yenye unene wa kidole gumba, upande mmoja tu wa mti, kisha akafukia na kushindilia kwa mguu.

Jioni ileile Dodoma tukabandua maganda. Yakikaukia kwenye mzizi hayatoki bila kusagika. Ganda ndilo linalotakiwa: ndani lina umanjano, chungu, limebeba alkaloidi, yaani kemikali za mimea zenye nguvu mwilini, kama keleritrini. Tulilikata vipande vyembamba na kuvianika kivulini hadi vikivunjwa vilie. Kwetu Muheza, kwa unyevu ule, vingeota ukungu kwanza. Hapa upepo mkavu, ambao mchana kutwa nilikuwa nikiulaani, ulifanya kazi bila malipo.

Saga chengachenga, unga laini huziba chujio. Gramu 100 hulowekwa kwenye lita 1 ya ethanoli ya asilimia 70: mililita 730 za ile ya asilimia 96, ongeza maji hadi lita itimie. Spiriti ya dukani isiguswe, huenda ina methanoli, ambayo ni sumu. Chupa ya kioo, mfuniko unaobana, tikisa asubuhi na jioni kwa siku 3, chuja kwa kitambaa kisha karatasi, loweka tena masalia kwa nusu lita ya ethanoli hiyohiyo. Ethanoli hutolewa kwa mashine ya ombwe, nyuzi 40. Anayechemshia jikoni anacheza na moto: mvuke unashika, na dawa inaungua. Kinachobaki ni lami ya kahawia yenye kunata.

Pima uzito: gramu 8 kutoka 100 ni asilimia 8. Yeyusha kidogo kwenye asidi hafifu, dondoshea kitendanishi cha Dragendorff, kemikali ya kupimia alkaloidi. Mashapo ya rangi ya chungwa yakituama, alkaloidi huenda zimo. Ni ngapi, na zinatosha dozi gani, hilo rangi haisemi, kwa hiyo hakuna wa kuonja.