Jumapili ya kunamua tu

Bao lenyewe lilikuwa zito, kingo zake zimelainika kwa viganja vya watu, na lilikaa kwenye baraza moja ya Ngamiani, Tanga, ambako alasiri watu husubiriana zamu. Nilikuwa kijana mwenye daftari kichwani: fulani nimeshamfunga, fulani bado. Mzee mwenye bao alikuwa kwenye "bado". Tena alikuwa akinifunga mkononi, yaani safu yangu ya mbele inakauka kabla hatujamaliza kuingiza kete.

Jumapili hiyo nilimwamkia, nikakaa, naye akapanga kete bila haraka. "Leo tunanamua tu, mjukuu wangu. Za mkononi zikiisha, tunafuta, tunapanga upya. Kwenye mtaji hatufiki."

"Sasa atajulikanaje aliyeshinda, babu?"

"Hatajulikana."

Kwa asiyelijua bao: mashimo ni 32, safu nne za manane, na kete ni 64. Za pale zilikuwa komwe. Kila mmoja ana 32. Sita hukaa kwenye nyumba, shimo la mraba ambalo ni la tano ukihesabu kutoka kushoto kwako; mbili, kisha mbili nyingine, kwenye mashimo mawili yanayofuata kuliani; 22 hubaki mkononi, na kila zamu unaingiza moja; huko ndiko kunamua. Zikiisha ndipo mtaji, nusu ya pili ya mchezo, unapoanza. Kwa hiyo mzee alikuwa amelikata bao katikati, akatupa nusu ambayo mimi ndiyo niliyokuwa naikimbilia.

Tulikaa muda mrefu kwenye hatua ya kwanza peke yake. Mwanzoni hakuna shimo lako lenye kete linalotazamana na la mwenzako lenye kete, kwa hiyo anayeanza hana cha kula, lazima atakate, yaani asambaze kete zake bila kula. Mzee akaniambia niingize kete kwenye shimo la sita, zikawa tatu, nizisambaze kushoto. Moja ikaingia nyumba, moja shimo la nne, moja la tatu, nikalala, yaani zamu yangu ikaishia hapo. Akanyoosha kidole: ile ya shimo la nne ilikuwa inaikodolea macho nyumba yake. Akaingiza kete moja mle, akaila. Tukapanga tena. Safari hii tatu zilezile nikazipeleka kulia: shimo la saba, la nane, kisha zikakata kona na ya mwisho ikalala safu ya nyuma. Hapo naye hakuwa na cha kula, ikambidi atakate kama mimi. Hatua ileile, kete zilezile, tofauti ni mkono kuelekea kulia au kushoto. Nilikuwa nimecheza bao miaka bila kulitazama hilo, maana ufunguzi kwangu ulikuwa njia ya kupita tu.

Kilichonikolea zaidi ni hesabu ya vichwa. Kete ulizokula unaanza kuzisambaza kwenye kichwa, shimo la mwisho la safu ya mbele, la kushoto au la kulia upendavyo (ukila kwenye kichwa au kimbi, shimo lililo jirani na kichwa, huna hiari, unaanzia upande huohuo). Sasa tazama: ukila tano ukaanzia kushoto, ya mwisho inaingia nyumba. Ukila nne ukaanzia kulia, ya mwisho inaingia nyumba vilevile. Mzee alinikataza kugusa mashimo kwa kidole huku nahesabu. Jicho ndilo lihesabu, mkono usubiri. Wengi hufanya kinyume: mkono unaondoka, hesabu inaufuata nyuma, na katikati ya safu kete mbili zinadondoka shimo moja. Hapo mlolongo wote unaharibika na ugomvi unaanza.

Kisha nyumba. Ya mwisho ikiingia nyumba, na mbele yake hakuna cha kula, una hiari ya kulala au kuisafirisha, yaani kuzichota kete zake na kuendelea kusambaza. Mimi nilipenda kusafirisha, kwa sababu kelele za kete hufurahisha watazamaji. Mzee akaweka tisa kwenye nyumba yangu akaniambia nisafirishe kuelekea kulia. Tatu zikabaki mbele, sita zikaenda nyuma, ya mwisho ikaangukia shimo tupu, la tatu la safu ya nyuma. Za nyuma haziliwi, hilo kweli; lakini wakati wa kunamua unaingiza kete safu ya mbele tu, kwenye shimo lenye kete. Mbele pakiwa pembamba, milango ya kuingilia inapungua zamu kwa zamu. Ndiyo maana nilikuwa nafungwa mkononi.

Hata hivyo kulala kila mara nako si dawa. Nyumba iliyonona ni chambo. Mwenzako akiipata anakula zote kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo yeye anapopata kete za kuzunguka bao zima. Mzee hakunipa kanuni. Kila nilipouliza "nilale au nisafirishe?" alirudisha kete zilipokuwa, tukajaribu yote mawili, tukafuta.

Muuza kahawa akapita, akauliza nani anaongoza. Sikuwa na la kumjibu, na wala sikuona haja. Macho yangu yalikuwa kwenye shimo la pili la mzee, lenye kete nne. Wenye zamu walipoanza kunung'unika kwamba tunalikalia bao bila kufungana, mzee aliwasogezea kiti, akawaambia wanywe kahawa kwanza.