Dagaa wa Kigoma na kontroo namba

Miaka 2 nimeuza dagaa wa Kigoma kwa stetasi ya WhatsApp tu. Wateja wapya wanauliza, "Dada, duka liko wapi?" halafu kimya. Siwalaumu, watu wametapeliwa sana.

Kwenye grupu la wauzaji wenzangu, mama mmoja wa Mbagala akatuma sauti akielekeza taratibu jinsi ya kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa mtandao: namba ya kitambulisho cha NIDA, fomu, kontroo namba (namba ya malipo), unalipia kwa simu. Siku zote nilidhani bila kishoka, yaani dalali wa mtaani, haiwezekani!

Nikafuata maelekezo yake, jana cheti kimetoka, nikakiweka stetasi. Leo mteja wa Dodoma, hatujawahi kuonana, katuma hela ya kilo 5 kabla mzigo haujaondoka. Mama wa Mbagala, Mungu akubariki sana.