Neno Lililokwama

Jumapili, usiku

Jana jioni binti wa kaka yangu alinijia, kidole kimebaki ndani ya kitabu asije akapoteza ukurasa, akaniuliza: "Shangazi, huyu ni mchawi au mganga?"

Ana miaka 11. Kitabu nilimpa mimi mwenyewe. Ni riwaya ya Ursula K. Le Guin iitwayo A Wizard of Earthsea, iliyotoka mwaka 1968, na nakala ni ileile niliyoisoma nilipokuwa na miaka 12. Nilifungua mdomo nimjibu, nikakuta sina jibu. Mchawi wa Kiswahili haendi shule. Anaroga watu usiku, na hakuna mzazi anayemwombea mwanawe awe hivyo. Mganga anatibu na kuzindua. Mazingaombwe ni mambo ya jukwaani, leso inageuka njiwa, watu wanapiga makofi. Sihiri nayo haina heri. Sasa mvulana anayeuita upepo kwa jina lake, nao ukaja, tumwiteje? Nilimwambia asome mpaka mwisho, kisha yeye ndiye aje kuniambia.

Ugomvi mwingi kati ya wazazi na watoto juu ya vitabu vya maajabu kama hiki, naamini, unaanzia hapo kwenye neno. Mzazi akisikia "uchawi" anaona tunguri na husuda. Mtoto anaona bahari, mashua na mtu mdogo anayejifunza kazi ngumu. Wanabishana siku nzima, kila mmoja akizungumzia kitu chake.

Swali lake lilinikosesha usingizi, maana lilinirudisha kwenye mwaka ule.

Nilikuwa na kigugumizi kibaya. Ninacho hata leo, ila tumezoeana. Wakati ule herufi ya kwanza ya jina langu ilikuwa ukuta. Mahudhurio yakianza kuitwa darasani, nilihesabu majina yaliyobaki kabla ya langu huku viganja vikilowa jasho, na wakati mwingine neno dogo kama "nipo" lilinikwama kooni mpaka jina la mwenzangu lilipoitwa. Walionipenda walinimalizia sentensi. Walifanya kwa huruma, nami niliumia zaidi kuliko kwa wale waliocheka.

Ndipo nikakipata kitabu hiki. Katika visiwa vya Earthsea, nguvu yote iko kwenye jina la kweli la kitu. Anayelijua na kulitamka sawasawa, kitu humtii. Lakini kulijua si mchezo. Wanafunzi hupelekwa kwenye mnara wa upweke, wakapewa orodha za majina wakariri, majina ya kila rasi, kila ghuba, kila mwamba, na usiku wa manane wino unafutika na karatasi inabaki tupu, umeshika au hukushika. Nilisoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko vita na majoka. Watu wazima walikuwa wameniambia miaka yote kwamba kusema ni rahisi, nipumue tu, nisiogope. Kitabu kile kilikuwa cha kwanza kuniambia kwamba kusema ni kazi kubwa, kwamba hata wenye hekima hutetemeka kabla ya kulitoa neno. Nilijisikia nimeaminiwa.

Nikaanza kusoma kwa sauti peke yangu, mlango umefungwa. Maneno yalitoka bila kukwama hata moja. Baadaye nilikuja kujua kwamba hivyo ndivyo kigugumizi kilivyo kwa wengi wetu: mtu akiwa peke yake, au akisoma pamoja na mwenzake kwa sauti moja, ulimi hufunguka. Ila wakati ule sikujua, na sitaki kumnyang'anya yule msichana wa miaka 12 usiku wake.

Wapo wanaosema watoto huvikimbilia vitabu hivi ili wakwepe dunia. Tolkien, mwandishi wa The Hobbit, aliwajibu zamani, katika mhadhara wa mwaka 1939, kwamba mfungwa halaumiwi kwa kuwaza mambo mengine zaidi ya kuta na walinzi wa gereza. Ni jibu zuri, lakini mimi sikukimbia kitu. Ged, yule mvulana wa kitabuni, anatafuta sifa mbele ya wenzake, anaita roho ya mfu, na ufa alioufungua unatoa kivuli kinachomrarua uso. Mkuu wa shule anaumaliza uhai wake kwa kuuziba ufa ule. Nani angekimbilia huko kupumzika? Kinachomvuta mtoto, kwa maoni yangu, ni kwamba kosa la Ged lina uzito. Mtoto huamuliwa kila kitu, alale lini, avae nini, asome wapi. Akikosea, mkubwa anafuta na maisha yanaendelea. Humu, mtu wa umri unaokaribia wake anatenda jambo na bahari nzima inalisikia, na hakuna mkubwa atakayelirekebisha kwa niaba yake.

Shaaban Robert alilijua hili. Katika Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, Adili anawachapa manyani wawili kila usiku kwa amri ya jini, kisha analia nao, kwa sababu manyani hao ni ndugu zake. Niliposoma pale nilifunga kitabu kwanza. Maajabu yapo, lakini mkono wenye kiboko ndio unaoumia.

Na watoto hawaogopi uzito wa aina hiyo, wala wa karatasi. Mwaka 1997 kitabu cha kwanza cha Harry Potter kilichapwa Uingereza nakala 500 tu za jalada gumu. Miaka mitatu baadaye watoto walikuwa wakibeba cha nne, kurasa 636, na gazeti la New York Times likaanzisha orodha ya pekee ya vitabu vya watoto vinavyouzwa zaidi.

Leo baada ya magharibi amerudi, macho mekundu. "Si mchawi, si mganga," akasema. "Shangazi, kile kivuli kilikuwa na jina la Ged mwenyewe!" Hakuongeza neno, nami sikumuuliza. Akaketi kando yangu, akafungua sura ya mwisho, akataka nimsomee.

Nilisoma kurasa mbili vizuri. Kwenye ya tatu, pale Ged anapokaribia kulitamka jina, neno likanikwama. Nililisikia likigonga meno. Akaweka kidole chake chini ya lile neno, akanitazama, akasubiri.