Warsha ya R bila ukumbi: flashi zilipanda basi, sisi tukabaki nyumbani

Vyuo vilipofungwa Machi 2020, kila niliyemweleza kuhusu warsha yetu ya R, lugha ya programu ya kuchambua data, alinijibu lilelile: "Si mfungue Zoom tu, mfundishe kama kawaida?" Watu hawa hawajawahi kumwona daktari wa falsafa akipambana na mabano saa nane mchana.

Tulikuwa tumepanga siku mbili nzima Dar es Salaam, watafiti wa kilimo na afya, kwa mtindo wa The Carpentries, shirika linalofundisha watafiti kutumia programu na data: mwalimu anaandika msimbo, nao wanaandika naye mstari kwa mstari. Aliyekwama anabandika kikaratasi chenye rangi kwenye kompyuta yake, msaidizi anamfuata. Kwenye Zoom kikaratasi utakibandika wapi? Unaongea na miraba myeusi yenye majina.

Basi wakubwa wakasisitiza, tukajaribu "kama kawaida" jioni moja, kusakinisha programu tu. Ilikuwa burudani. R na RStudio, programu ya kuandikia R, kwa pamoja zinazidi MB 200, na kila mtu alikuwa kwenye bando la simu. Mmoja alifika asilimia tisini, bando likakata, akaanza upya. Mwingine umeme ulikatika. Wa tatu hakuzima maiki, tukasikiliza jogoo wake mpaka tukaagana. Hakuna aliyefungua R usiku ule.

Kesho yake nikanunua flashi, elfu kumi na kitu kila moja, nikajaza kila kitu: R, RStudio, data, na paketi za tidyverse, yaani nyongeza za R za kupanga na kuchora data, zikiwa faili za zip. Hizo zip msizidharau, maana install.packages(), amri ya kusakinisha paketi, ikiachiwa ichote mtandaoni inakula bando kimyakimya. Wa Dar walipelekewa na bodaboda. Za Morogoro na Dodoma nilizipandisha basi Ubungo, kondakta akapewa namba za wapokeaji. Mwenzangu alicheka sana: warsha ya kidijitali inasafirishwa na magunia ya viazi! Zilifika zote.

Ratiba tuliivunja ikawa asubuhi fupi fupi, saa tatu mpaka saa tano na nusu, na nusu ya somo la michoro nikaitupa. Zoom ikawekwa kwenye simu, kompyuta ikabaki na R peke yake, kwa sababu kubadilisha madirisha kwenye skrini ndogo ndiko kunakowapoteza watu. Vikaratasi vikahamia WhatsApp: duara la kijani nimemaliza, jekundu nimekwama. Mimi sikugusa kundi lile kabisa. Alikuwepo kijana wa kulisimamia. Ukijaribu kufundisha huku unajibu meseji, vyote vitakushinda.

Kijana huyo ndiye aliyeokoa siku ya kusoma data. Duara jekundu kutoka kwa mtafiti mwandamizi, mama wa heshima zake: R inasema faili la data la mavuno.csv halipo, naye analiona kwa macho yake kwenye folda.

"Shikamoo Dokta. Naomba uandike list.files() halafu unitumie picha."

"Marahaba mwanangu. Ngoja."

Picha ya orodha ya mafaili ikaja: mavuno.csv.csv. Alikuwa amebadilisha jina la faili akamalizia na .csv, kumbe Windows ilikuwa imeificha .csv iliyokuwepo tangu mwanzo. Nikasimamisha somo, nikawaambia wote wawashe "File name extensions" kwenye View ya dirisha la folda. Maduara mawili mengine mekundu yakageuka kijani papo hapo.

Na jambo ambalo waandaaji hulikwepa: posho. Mtu aliyezoea nauli, chai na sambusa hatakaa mtandaoni kwa bando lake mwenyewe. Fedha ya chakula tuliigeuza bando, tukaituma asubuhi ya kila kipindi, si kabla, na mahudhurio hayakuyumba. Tabu ikaja kwa mhasibu, aliyetaka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa kila bando. Nilimpelekea rundo la picha za meseji za muamala, akazikataa, nikampelekea tena na barua ya mkuu wa idara, ndipo akasaini.