Siku moja maishani mwangu: leo tunavuna Arrufiac

Saa 12 na nusu asubuhi nshaamka. Huku Saint-Mont, kusini magharibi mwa Ufaransa, Septemba asubuhi baridi inauma, navaa sweta mbili na buti, chai fasta, nikatoka.

Saa 2 tupo shambani watu nane, kila mtu na makasi na ndoo yake. Tunawahi makusudi, zabibu ikikatwa ingali ya baridi juisi haianzi kuchacha njiani. Leo ni zamu ya Arrufiac, zabibu nyeupe ambayo hata Wafaransa wengi hawaijui, ilibaki kidogo tu ipotee mpaka wakulima wa ushirika wa hapa wakaikomalia kwenye miaka ya 70 na 80 wakaipanda upya. Naipenda sana hii zabibu jamani. Ukiila hivi hivi ganda linakukausha ulimi, hauimalizi, lakini ndo inaupa mvinyo mwili, yani ule uzito mdomoni, na kale kauchungu ka mwishoni.

Saa 5 jua limetoka, milima ya Pyrenees inaonekana yote, mgongo unawaka moto. Jirani anavuna kwa mashine, sisi mizabibu yetu ya zamani ni mkono tu, kishada kilichooza unakitupa hapo hapo.

Saa 7 mchana garbure, supu nzito ya kabichi, maharage na nyama ya bata. Mkate juu yake. Mzee mwenye shamba akatusimulia kuhusu Sarragachies, kijiji cha karibu, kuna shamba la mizabibu la tangu karne ya 19 lililopona filoksera, yule mdudu wa mizizi, kwa sababu udongo wake ni mchanga. Tangu 2012 linalindwa na serikali kama jengo la kihistoria, yani mizabibu!

Saa 10 kiwandani, tunakamua taratibu. Arrufiac haiendi peke yake, inachanganywa na Gros Manseng yenye ukali wa balungi, ndo nyingi zaidi, na Petit Courbu inayolainisha.

Saa 2 usiku glasi moja ya mwaka jana, na hapo nikausikia ule uchungu wa ganda la asubuhi. Kwa mjomba Hombolo, Dodoma, tunavuna mara mbili kwa mwaka, huku ni mara moja tu, na kesho kutwa wanasema mvua. Gros Manseng yote bado ipo mtini. Kesho tunaanza saa 1.