Hatutaketi Mpaka Aje

Somo: 1 Samweli 16:1–13

Wapendwa katika Bwana, juma hili shule anayosoma binti yangu ilitangaza siku ya kupiga picha, na kundi la wazazi la WhatsApp likajaa maswali kuhusu sweta, tai na soksi. Nilimpeleka kusukwa, nikavipaka viatu vyake rangi, nami nilifanya hivyo kwa furaha. Maandiko hayaoni haya kusema kwamba Daudi alikuwa na macho mazuri na sura ya kupendeza, basi mzazi naye asione haya kumpendezesha mtoto wake.

Lakini katika maelekezo ya shule palikuwa na sentensi moja ambayo haijanitoka moyoni: mtoto ambaye mzazi wake hatakuwa amelipa kufikia Alhamisi atabaki darasani wakati wenzake wanapigwa picha.

Nabii Samweli alipofika Bethlehemu kumtia mafuta mfalme mpya kati ya wana wa Yese, Yese aliwapitisha wanawe saba mbele yake, kuanzia Eliabu, ambaye kimo chake kilimfanya hata nabii adhani kwamba amekwisha kumpata mpakwa mafuta. Tumezoea kuuhubiri mstari wa 7, usemao kwamba wanadamu huitazama sura ya nje, bali BWANA huutazama moyo, na ni vyema tuendelee kuuhubiri. Ila naona tunauharakisha mno ule wa 11. Hapo, wana wote waliokuwapo wakiwa wamekwisha kupita, Samweli anauliza, “Watoto wako wote wapo hapa?” Jibu la Yese halina chuki ndani yake. Mdogo wao amesalia, anachunga kondoo; kazi ya nyumbani ilihitaji mtu, na yeye ndiye aliyeachiwa. Wala Samweli hamkaripii Yese mbele ya wanawe. Anamtaka tu atume watu wamlete, akiongeza kwamba hawataketi hata atakapokuja. Wakubwa wote saba, pamoja na baba yao na nabii mwenyewe, wakamngoja mtoto mmoja, Daudi, atoke machungani, kisha akatiwa mafuta kati ya ndugu zake.

Wazazi walio katika hali ya kutoweza kulipa kwa wakati tunawajua, kwa kuwa wengine wao huketi nasi ibadani. Mama anayefua nguo za watu mtaani Eastleigh, Nairobi, hulipwa siku aliyopata kazi, na siku asiyoitwa hana kitu. Baba anayefanya kazi ya mjengo hungoja malipo ya Jumamosi, ilhali shule imeweka mwisho siku ya Alhamisi, na mtoto aliyebaki darasani hana namna ya kuelewa kwamba kilichomweka huko ni siku mbili tu, wala si upungufu wa upendo wa baba yake. (Wapo pia wazazi wasiotaka watoto wao wapigwe picha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi, basi uamuzi wao uheshimiwe. Ninayemsemea hapa ni mtoto anayetamani kuwamo.)

Mpiga picha ana haki ya kulipwa kwa kila nakala anayochapisha, na asiyelipa anaweza kukosa nakala. Kumwondoa mtoto katika safu ya darasa lake, hata hivyo, ni jambo zito zaidi, kwa sababu miaka mingi baadaye picha hiyo ndiyo itakayotazamwa kujua ni nani waliosoma pamoja mwaka huu, naye hatakuwamo.

Kwa hiyo nawasihi wenye watoto shuleni tumwulize mwalimu wa darasa swali la Samweli kabla siku yenyewe haijafika, na mwenye uwezo amlipie aliyesalia. Fedha hizo zipitie kwa mwalimu bila jina, wala zisitangazwe katika kundi la wazazi, ili mtoto asiitwe mbele kushukuru na mama yake asilazimike kueleza chochote langoni.